Sinema Iliyosimuliwa Mchana

Kaka yangu alikuwa na ugonjwa wa sinema. Aliuza vitambaa katika duka moja mjini Kisii, na Jumapili duka lilipofungwa yeye alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya tikiti. Picha za mapenzi alizidharau. Za farasi na bastola alisema ni za watoto. Alizozitafuta ni zile za kutisha zenye sayansi ndani yake: wadudu waliokunywa dawa wakawa wakubwa kuliko nyumba, vyombo vilivyoshuka kutoka nyota nyingine, madaktari waliochezea miili ya watu katika vyumba vya chini ya ardhi. Akija kwetu huku mlimani, upande wa Nyamira, alikuja na mkate, sukari na picha nzima kichwani. Mkate tuligawana wote. Picha ilikuwa yangu.

Sisi ni watu wa Sabato. Kanisani sinema ilitajwa pamoja na pombe na dansi, kwa hiyo hatukuizungumza mbele ya mama, wala mbele ya nyanya, mama yake baba, ambaye nyumba yake ya nyasi ilikuwa ubavuni mwa yetu. Tuliizungumzia shambani. Baba alifariki nikiwa bado mdogo, akatuachia mistari michache ya chai, na humo katikati ya mistari ndimo ulimokuwa uhuru wetu. Mimi nilikuwa mwalimu asiye na mafunzo katika shule ya msingi ya jirani, mshahara mdogo, mdomo mkubwa, na mara kadhaa nilikuwa nimekwenda naye kwenye jumba la sinema nikisingizia kuumwa jino. Kwa hiyo nilikuwa na maoni yangu.

Yeye alipenda za zamani, zile zisizo na rangi. Alisema watu waliozitengeneza walikuwa na adabu: walikuonyesha dude lenyewe, na meno yake na magamba yake, ukajua unachokiogopa, kisha ukaenda nyumbani. Nikamwambia madude yake ni magunia yaliyoshonwa, na kuna moja nililiona zipu mgongoni. Mimi nilipenda mpya, za rangi, ambamo kwa muda mrefu hakuna kinachotokea. Mtu anakunywa chai na mkewe. Mkewe anamtazama. Wewe kwenye kiti chako unaanza kutokwa na jasho na hujui ni kwa nini.

"Hiyo si sinema," kaka alikuwa akisema. "Hiyo ni kukaa na wakwe."

"Ndiyo maana inatisha."

Tulicheka sana katika chai ile.

Kisha mama akaanguka. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, si muda mrefu tangu redio itangaze kwamba watu wamekanyaga mwezi. Alikuwa akichuma, kikapu mgongoni, akalala kwenye mstari kama mtu aliyechoka. Alibebwa hadi barabarani, akapelekwa hospitali ya mbali, akakaa huko msimu mzima. Aliporudi, nusu ya uso wake haikurudi. Mdomo ulikuwa umevutwa upande, maneno yakitoka mazito, akaona afadhali anyamaze. Jicho la kushoto halikufumba hata akilala. Mkono wa kushoto ulifanya kazi kidogo, ukishika na kuachia, lakini haukusikia kitu, si baridi wala moto. Na mbwa wetu, aliyekuwa mtoto alipoondoka, hakumjua. Mama alinuka dawa za hospitali. Mbwa alimbwekea, akarudi nyuma hadi kwenye migomba.

Kaka aliomba likizo dukani, aje achume chai mahali pa mama. Nami shule zilikuwa zimefungwa. Basi siku moja ya kuuza majani tulikuwa kituoni, pale karani wa chai alipokuwa akipima, jua limesimama utosini, na lori la kiwanda likichelewa kama kawaida yake. Watu waliketi nyasini kando ya vikapu vyao. Mtu akamuuliza kaka, wewe wa mjini, hebu tupe habari. Na yeye, mpenda sifa, akawapa picha aliyoiona mwisho kabla mama hajaugua.

Ilikuwa habari ya mtu aliyetumwa angani na chombo. Alirudi salama, akapigiwa makofi, akaenda nyumbani kwa mkewe. Lakini aliyerudi hakuwa yeye. Kitu fulani cha huko juu kilikuwa kimeuvaa mwili wake.

"Walimjuaje?" akauliza jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Huyu alikuwa mwanamume wa makamo, mtu wa kanisa letu, aliyetusaidia kuchimba kaburi la baba.

Kaka akainua kidole. Kwanza, mbwa wake alimkimbia. Akainua cha pili. Usiku alilala na jicho wazi. Cha tatu: mkewe alimwona akitoa sufuria motoni kwa mkono mtupu, asishtuke.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya wasikilizaji. Kaka hakuwa ameunganisha. Kwake dalili zile zilikuwa za mtu wa kwenye kitambaa cheupe, na mama alikuwa mama. Lakini niliziona shingo za wale wanawake zikiacha kugeuka huku na huku. Nilipaza sauti, "Lori hilo!" Hakukuwa na lori. Hakuna hata mmoja aliyetazama barabarani.

"Wakamfanyaje?" akauliza jirani.

"Walimfungia ndani ya nyumba wakaiwasha."

"Na moto si alikuwa hausikii?"

"Mkono ndio haukusikia," kaka akasema, akiwa amefurahi, kwa kuwa hapo ndipo alipopapenda kuliko pote. "Yeye aliusikia."

Nilimvuta pembeni nikamwambia alichokifanya. Alijaribu kukirudisha palepale. Aliwaambia ile ni sinema, ni watu wamelipwa kuigiza, yule mtu baada ya kuungua alivua nguo zile akaenda kula chakula cha jioni. Wakamtazama kwa huruma. Sinema wao waliijua. Gari la serikali lilikuwa limekuja uwanjani, likatundika kitambaa, likawaonyesha jinsi ya kuchuma majani mawili na chipukizi, jinsi ya kuchimba choo, na Rais akipunga usinga wake.

"Yule mama aliyechuma chai kwenye sinema," akasema mwanamke mmoja, "ni wa pale Keumbu. Tumeuziana ndizi naye. Alikuwa akiigiza nini?"

Na mwezini je, wakauliza wengine, watu hawakwenda? Redio ilisema uongo? Lori lilipofika tulipima majani yetu bila mtu kutusemesha.

Sabato iliyofuata tulimpeleka mama kanisani. Aliketi mahali pake pa siku zote. Wanawake waliokuwa kwenye benchi lile walikumbuka, mmoja baada ya mwingine, kwamba watoto wao wamekaa mbele. Mama aliimba kwa nusu ya mdomo. Mimi niliimba kwa sauti ya juu kupita kiasi, nikiwatazama migongo, na kama wimbo ule ungekuwa na mawe ndani yake ningewapiga nao.

Siku chache baadaye wanawake wale wakaja kumjulia hali. Walileta mahindi mabichi, wakasema wangependa tuyachome tule pamoja. Nilifurahi, mjinga mimi. Nilichochea moto mwenyewe. Hindi la kwanza lilipokuwa limeiva na bado lina makaa pembeni, mmoja alilitoa kwa majani ya mgomba akamwekea mama kiganjani. Kiganja cha kushoto. Mama akalishika, akasema asante kwa tabu. Wakawa wanamtazama mkono. Wote. Mama akawatazama wao, jicho moja likipepesa na jingine halipepesi, kisha akala kwa adabu, kwa kuwa chakula cha mgeni hakikataliwi. Walipoondoka niliukunjua mkono ule. Ngozi ya kiganja ilikuwa imeinuka malengelenge.

Nililia kwa hasira. Mama alinipapasa kichwa kwa mkono mzima.

Kwetu mtu hasemi "mchawi" haraka. Neno hilo likishatamkwa, halina mlango wa kutokea. Nilikuwa nimekulia kwenye vilima hivi na nilijua nyumba zilizobaki nguzo nyeusi tu, na jinsi watu wanavyopita hapo wakitazama upande wa pili. Kuhusu mama hakuna aliyelitamka. Walisema tu "yule aliyerudi." Nikalisikia kisimani, nikalisikia dukani. Kisha binti mdogo wa jirani wa ng'ambo ya kijito akashikwa na homa, akawa anatetemeka na kuweweseka. Mama alikuwa amemsalimu njiani juzi yake. Kwa mkono upi, watu walikuwa wanakumbuka vizuri sana.

Kaka alitaka tumtoroshe mama, tumpeleke kwao alikozaliwa, upande wa Suneka. Mimi nilitaka twende kwa chifu. Tulikuwa tukigombana kwa sauti za chini nyuma ya jiko, naye nyanya akatokea akiwa na fimbo yake. Ikabidi tumwambie yote, sinema ikiwemo. Nilingoja atushambulie kwa ajili ya sinema. Hakuijali.

"Uliisimulia saa ngapi?" akamuuliza kaka.

"Mchana, magokoro," kaka akajibu, akimwita nyanya kwa lugha yetu. "Tulikuwa tunangoja lori."

"Uliifungua?"

Kaka akatazama chini. Hapo nikaelewa, na nadhani naye akaelewa. Kwetu hadithi ya kubuni, omogano, husimuliwa jioni, karibu na moto, kazi zikiwa zimekwisha. Mwenye kusimulia huuliza kwanza kama watu wapo, nao huitikia, na ikiisha huifunga. Tulipokuwa watoto nyanya alituambia ukisimulia mchana ng'ombe hawatarudi nyumbani. Yanayosemwa mchana kituoni, majani yakiwa vikapuni, ni habari: nani amekufa, bei imekuwaje, daraja gani limebebwa na maji. Kaka alikuwa amesimama juani akasema fulani amerudi akiwa si yeye, na dalili ni hizi. Alikuwa ametoa ushahidi.

"Habari inatembea kwa miguu yake," nyanya akasema. "Omogano hukaa pale ulipoufunga. Huyu hatakwenda popote. Akikimbia, amekiri. Nenda kawaambie majirani waje jioni hii. Waambie utamaliza ile yako."

"Magokoro, watakuja na—"

"Najua watakavyokuja navyo. Waje."

Walikuja jua likizama, wengi kuliko niliotazamia. Wanaume waliingia uani bila salamu ndefu, wakasimama. Jirani wa ng'ambo ya kijito alibeba debe dogo la mafuta ya taa. Hakulificha. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala, na nilimchukia, na nilijua pia kwamba mtoto wake alikuwa anaweweseka kitandani.

Nyanya alisimama mlangoni pa nyumba ya mama. "Ndani," akasema. "Wote. Hadithi haisimuliwi uani kama mnada."

Wakasitasita. Lakini wengi wao walikuwa wamekua wakisikiliza hadithi kwa bibi huyu, na mwili una kumbukumbu zake. Wakainama, wakaingia. Tukajazana, wengine kwenye vigoda, wengine chini, wengine wakiegemea ukuta wa udongo. Mama alikuwa pale alipokaa siku zote, kando ya moto. Nyanya aliketi karibu naye, goti kwa goti, akanivuta nami nikae upande wa pili. Ndipo nilipomwelewa nyanya. Aliyetaka kuiwasha nyumba ile jioni hiyo angeanza kwa kujitoa mwenyewe, na mkewe, na kaka zake, mmoja mmoja, mbele ya macho ya wengine.

"Anza," akamwambia kaka. "Ifungue."

Kaka akauliza kama watu wapo. Sauti ilikatika. Nyanya akagonga fimbo chini, naye akauliza tena. Wachache wakaitikia kwa mazoea. Akauliza mara nyingine, na nyumba nzima ikaitikia, isipokuwa jirani. Debe lilikuwa katikati ya miguu yake. Nyanya akamtazama. Alikuwa amemkanda mtu huyu alipozaliwa. Alimtazama mpaka akaitikia, kwa sauti ndogo, wa mwisho.

Kaka akasimulia. Sijapata kumsikia akisimulia vile, si shambani wala baadaye. Hakuruka mbwa, hakuruka jicho, hakuruka sufuria. Nilidhani angeruka, nilimwomba moyoni aruke, lakini nyanya alikuwa amemkataza. Kila alipotaja dalili, hakuna aliyemtazama mama, na kutomtazama kule kulikuwa kuzito kuliko kutazama. Mimi niliyekuwa nikisifu picha ambamo hakuna kinachotokea, niliketi ndani ya mojawapo. Akafika mwisho. Wakamfungia ndani ya nyumba. Wakaiwasha.

Alipaswa kuifunga, lakini maneno hayakuja.

"Na kama alikuwa ni yeye?"

Ilikuwa sauti ya mama. Wengi wao hawakuwa wamemsikia akisema zaidi ya asante tangu arudi. Maneno yalitoka yamepinda, lakini kila mmoja aliyasikia.

"Picha haikusema, mama," kaka akajibu.

"Alikwenda mbali," mama akasema. "Akarudi. Hao watu, kuna aliyemuuliza aliona nini huko?"

Kaka alitikisa kichwa.

"Na mimi hamkuniuliza."

Hakulalamika. Alisema kama mtu anayetaja kwamba chumvi imekwisha. Kisha, polepole, akijifuta mate kwa pembe ya leso, akatuambia. Alisema aliamka asijue yuko wapi, kwenye kitanda kirefu, watu wamevaa nyeupe, lugha asiyoielewa. Kando yake palikuwa na mkono. Aliusukuma, ukarudi. Alidhani wamemlaza na mtu mwingine kitanda kimoja, kwa uchache wa vitanda. Akamwita nesi, akamwomba kwa ishara, tafadhali mwambie huyu mwenzangu aondoe mkono wake.

Mwanamke mmoja akacheka. Ilimtoka tu. Ni yule yule wa hindi la moto. Akajiziba mdomo, lakini mama naye alikuwa anacheka, nusu ya uso ikicheka na nusu ikiwa imetulia, na kicheko kikapita chini kwa chini ndani ya nyumba ile, cha watu wanaoogopa.

"Nesi akauchukua," mama akaendelea, "akauweka kifuani pangu. Akanionyesha ni wangu. Nililia siku nzima. Mpaka leo nikiamka huutafuta kwanza, nione kama upo." Akaugeuza mkono kwenye mwanga, kiganja juu. Malengelenge yalikuwa yamepasuka, yakawa kidonda. "Nanyi mmeuona. Hausikii. Lakini unaungua."

Yule mwanamke aliinamisha kichwa hadi kwenye magoti.

Nimeona picha nyingi za namna ile tangu wakati huo, za zamani na mpya, na bado nabishana na kaka kuhusu zipi ni bora. Lakini dude siliogopi tena, liwe la gunia au la mitambo. Nawatazama majirani kwenye picha. Nangoja kuona ni nani kati yao ataanza kutaja dalili, na hapo ndipo ninaposhika mkono wa kiti.

Moto ulikuwa umefifia, na taa yetu ya kibatari ikaanza kutoa moshi na kupepesuka, kwa kuwa tangu asubuhi hakuna aliyekumbuka kuijaza. Giza likaanza kuingia kutoka pembeni. Nilimwona jirani akiliinamia debe lake. Akalishika. Kaka akainuka, nami nikainuka, nikajiweka kati yake na mama bila kujua ningefanya nini.

Akakaa hivyo, ameinama, mikono kwenye debe. Kisha akamtazama nyanya.

"Taa yenu inazimika," akasema. "Nimewaletea mafuta."

Nyanya akanipa ishara kwa kidevu. Nilichukua taa nikampelekea. Mafuta ya kwanza yalimwagika kwenye vidole vyangu, nami nikaishikilia taa imara ili amimine. Aliijaza mpaka juu. Utambi ukashika, nyumba ikaonekana, nyuso zote pamoja na wa mama.

"Ifunge sasa," nyanya akamwambia kaka, naye akaifunga hadithi, na watu wote wakaitikia.

Kesho yake asubuhi kaka alimbeba yule mtoto mgongoni hadi zahanatini, baba yake akitembea kando, na dawa ilimponya. Lakini hiyo ilikuwa kesho. Jioni ile, kabla hawajaondoka, mama aliinuka kwa tabu, akamnyoshea jirani mkono, ule wa kushoto, wenye kidonda. Naye jirani akaupokea kwa mikono miwili.

"Asante kwa mafuta," mama akamwambia.

Sote tulijua yalikuwa ya nini. Sote tukamshukuru.